Asubuhi ya Mtakatifu Lusia, Gizani Uppsala



Bibi yangu mzaa mama anaitwa Lusia. Amezaliwa Rombo na amezeekea Rombo, na tangu mimi nikiwa darasa la tano macho yake yamekuwa yakififia kidogo kidogo. Mwanzoni tulidhani ni mtoto wa jicho, kitu cha kupasuliwa na kuisha. Baadaye daktari akatueleza kwamba ni presha ya macho, na kwamba uoni ukishapotea haurudi, dawa ya matone ni ya kulinda kile kilichobaki tu. Basi kila tarehe 13 Desemba, sikukuu ya somo wake, nimekuwa nikimwomba Mtakatifu Lusia jambo moja. Mnalijua bila hata kuambiwa. Miaka kumi na tano sasa.

Desemba mwaka jana sikukuu hiyo ilinikuta Uppsala, Uswidi, kama kilomita 70 kaskazini ya Stockholm. Nilikuwa katika mwaka wa uchungaji baada ya kumaliza falsafa, na wachache wetu tulialikwa na parokia moja ya huko kwa wiki mbili. Kusema kweli nilikwenda nikiwa na maringo kidogo. Nilijiambia kwamba mimi ndiye namjua Lusia, mjukuu wake kabisa, na hawa Waswidi ambao wengi wao ni Walutheri au hawana dini yoyote watanionyesha nini?

Padri mwenyeji alituamsha saa kumi na moja alfajiri. Nje ilikuwa nyuzi nane chini ya sifuri. Viatu vyangu vya mtumba, ambavyo Moshi vinaonekana vya heshima sana, vilinisaliti hatua ya tatu tu kutoka mlangoni. Nikaanguka chali kwenye barafu mbele ya masista wawili wazee, ambao wao walitembea kama wako sebuleni. Na giza jamani! Kwetu alfajiri ni kitu cha nusu saa, jogoo anawika, ukigeuka pameshapambazuka. Kule mwezi wa Desemba jua linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama. Katikati hapo linapita chini chini, kama mgeni anayechungulia mlangoni bila kuingia.

Tulikaa ukumbini, watu labda mia. Katoliki ya Uswidi ni ya wahamiaji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kulikuwa na Wapolandi, Waeritrea, Wakaldayo kutoka Iraki, na mama mmoja Mkongo ambaye aliposikia tunaongea Kiswahili alituita wanawe papo hapo na kutukalisha karibu naye. Kisha taa zikazimwa zote. Hakuna aliyetangaza kitu. Tukakaa tu gizani, watoto wakakohoa, wakanyamaza.

Nikasikia sauti kabla sijaona chochote. Zilitoka mbali, nje ya mlango, zikasogea. Halafu mlango ukafunguka na akaingia msichana wa miaka kumi na sita hivi, kanzu nyeupe hadi miguuni, utepe mwekundu kiunoni, na kichwani taji la mishumaa inayowaka. Mishumaa ya kweli, maana shule nyingi siku hizi wanatumia za betri, lakini parokia ile ni wakaidi. Chini ya taji wanaweka kitambaa kilicholowa maji ili nta isiunguze nywele. Nyuma yake wasichana wengine wa kanzu nyeupe, kila mmoja na mshumaa mmoja mkononi, kisha wavulana wenye kofia ndefu zilizochongoka kama pia, zimebandikwa nyota za dhahabu. Walitembea polepole mno. Yule wa mbele hakugeuza shingo hata kidogo, na ukitafakari unaelewa, moto uko juu ya kichwa chako, utageukia wapi?

Kilichonishika ni hiki. Kwa muda sikuona sura zao. Niliona weupe tu, weupe unaotembea. Nikamkumbuka Bibi, ambaye kwa sasa akikaa barazani anatambua kitu kikiwa cheupe, shuka kwenye kamba au mbuzi mweupe, mengine yote kwake ni kivuli.

Baada ya nyimbo taa ziliwashwa, tukapewa kahawa na mikate midogo ya manjano iliyokandwa kwa zafarani, imekunjwa kama herufi S, na zabibu kavu moja kila upande. Nilikula minne. Mezani nilikaa na kijana mmoja wa chuo, mpole sana, aliyekuja kwa sababu dada yake alikuwa kati ya wale wa kanzu nyeupe. Nilimuuliza Lusia alikuwa nani. Alifikiri, akasema ni mwanamke wa Italia, mambo ya nuru. Basi. Anajua wimbo wote tangu chekechea, na huo wimbo wenyewe, mfahamu, tuni yake ni ya Napoli na maneno yake ya asili yanasifia bahari na mashua tu. Mtu mwenyewe hamjui. Nilitaka kumcheka moyoni, kisha nikajiuliza na mimi ninajua nini zaidi ya picha ya sahani yenye macho mawili. Niliporudi Tanzania nikaketi na vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Lusia alizaliwa Sirakusa, mji wa bandari katika kisiwa cha Sisilia, kusini ya Italia ya leo. Ukifungua Matendo ya Mitume sura ya 28 utaona Mtakatifu Paulo alitia nanga hapo siku tatu akipelekwa Roma akiwa mfungwa. Mapokeo yanaweka kuzaliwa kwa Lusia karibu mwaka 283, familia ya kujiweza, baba akafariki binti akiwa mdogo. Mama yake aliitwa Eutychia, jina la Kigiriki, maana Sirakusa ulianzishwa na Wagiriki.

Hapa niweke wazi kitu kimoja, kwa sababu darasani tumefundishwa kutochanganya mizani. Habari za maisha yake ziliandikwa miaka mia moja au zaidi baada ya kifo chake, na mwandishi alipenda miujiza. Wapo wataalamu wanaoshuku karibu kila tukio ndani yake. Lakini mtu mwenyewe si hadithi. Mwaka 1894, katika makaburi ya chini ya ardhi ya San Giovanni pale Sirakusa, mwanaakiolojia Paolo Orsi alikuta jiwe lenye maandishi ya Kigiriki la mwanamke aitwaye Euskia. Mumewe aliandika kwamba mkewe aliishi kwa wema na usafi miaka kama ishirini na mitano, akafa siku ya sikukuu ya Bibi yetu Lusia. Jiwe hilo ni la mwisho wa karne ya 4 au mwanzo wa karne ya 5. Yaani hata miaka mia moja na ushee haijapita, na tayari mume mwenye msiba anatumia sikukuu ya binti huyu kama kalenda yake, bila kuhitaji kumweleza mtu Lusia ni nani. Kwangu jiwe lile lina uzito kuliko miujiza kumi.

Tukishika hilo, tusikilize mapokeo.

Eutychia alikuwa anatokwa damu kwa miaka mingi, ugonjwa kama wa yule mama wa Injili aliyegusa pindo la vazi la Yesu. Binti akamshawishi waende Catania, mwendo wa kilomita kama 60 kaskazini, kwenye kaburi la Mtakatifu Agata, bikira aliyeuawa mwaka 251 wakati wa mateso ya Kaisari Decius. Walifika siku ya sikukuu, tarehe 5 Februari, na Injili iliyosomwa ilikuwa hiyohiyo ya mama mtokwa damu. Walibaki kaburini wakisali mpaka Lusia akapitiwa na usingizi. Agata akamtokea ndotoni na kumwuliza kwa nini anaomba kwake kitu ambacho imani yake mwenyewe inaweza kukipata. Alipoamka, mama amepona.

Nikiri, hapa ndipo nilipofunga kitabu. Miaka kumi na tano ya kuomba, na huyu mama Eutychia safari moja tu! Nilikaa na kinyongo hicho siku mbili hivi, sina haja ya kukipamba.

Nilipokifungua tena niliona kwamba mapokeo yenyewe hayatulii kwenye uponyaji hata kidogo, yanakimbilia mahari. Na hili sisi Waafrika lazima tulielewe vizuri, kwa sababu kwetu mahari hutoka upande wa mvulana, ila kwa Warumi ilitoka kwa wazazi wa binti, na ndiyo iliyokuwa akiba ya maisha yake. Lusia alikuwa amechumbiwa na kijana mpagani. Hakuwahi kumweleza mama kwamba moyoni ameshaweka nadhiri ya ubikira kwa Kristo. Baada ya uponyaji akamwambia, na akaomba mahari yake yagawiwe maskini. Mama mtu akajitetea kama mama yeyote: subiri nife kwanza, ndipo ugawe. Lusia akajibu kwamba kumpa Mungu kile ambacho huwezi kuondoka nacho si zawadi kubwa, bora kutoa ukiwa hai na unakihitaji. Nawaambia, katika hadithi nzima mimi nimekwama hapo kuliko kwenye upanga. Kwa sababu mimi nimetoa ujana wangu seminari, sawa, lakini mara ngapi nimempa Mungu kile kilichonibakia baada ya simu, mpira na usingizi.

Wakaanza kuuza. Mashamba, vito, nguo. Mchumba aliposikia alidhani wananunua mali kubwa zaidi kwa siri, akafurahi hata kusaidia. Alipogundua kwamba fedha inaishia kwa wajane na vipofu wa mjini, akaenda kumshtaki kwa gavana Paschasius kuwa ni Mkristo.

Wakati ulikuwa mbaya wa kushtakiwa hivyo. Februari 303 Kaisari Diocletian alikuwa ametoa amri ya kubomoa makanisa na kuchoma Maandiko, na amri zilizofuata zikawalazimisha Wakristo kutoa sadaka kwa miungu. Paschasius alimtaka Lusia atoe sadaka. Akakataa. Alipoona maneno hayasaidii, gavana akaamuru apelekwe danguroni abakwe mpaka avunjike.

Vijana, mahubiri mengi yanaruka hapa haraka haraka, yanakwenda kwenye ng'ombe. Mimi naomba tusimame. Mapokeo yanasema Lusia alijibu kwamba mwili hautiwi unajisi kama nia haikukubali, na kwamba akitendewa kwa nguvu, usafi wake hautapungua mbele za Mungu. Mtakatifu Agostino alikuja kutetea jambo hilohilo katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, baada ya Roma kutekwa mwaka 410 na wanawake Wakristo kubakwa, na wapagani wakawadhihaki kwa sababu hawakujiua. Naye Toma wa Akwino, karne ya 13, anamtaja Lusia kwa jina katika Summa anapojadili swali hilo. Nilipokuwa falsafa nilisoma kipengele hicho kwa ajili ya mtihani, nikaandika, nikapata alama, nikasahau. Halafu katika mwaka wa uchungaji akaja mtu kuongea nami baada ya kipindi cha vijana, mtu aliyefanyiwa kitendo hicho utotoni, na tangu hapo alikuwa hapokei Komunyo kwa kuamini kwamba yeye tayari ni mchafu. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba dhambi ile haikuwa yake. Sikuwa na maneno yangu, nilikuwa na ya Lusia tu. Nilimwambia hayo, na nikampeleka kwa padri na kwa mama mmoja mshauri anayejua kazi hiyo kuliko mimi. Kama wewe unayesoma umebeba mzigo wa namna hiyo, msikilize binti huyu wa Sirakusa kabla ya kunisikiliza mimi, na utafute mtu mzima unayemwamini, umwambie.

Sasa ng'ombe. Askari walipomvuta hakusogea. Wakaongezeka, wakafunga kamba mikono na miguu, wakaleta jozi za maksai, bado akasimama palepale kama mwamba. Wakamzungushia kuni na moto, haukumdhuru. Mwisho wakamchoma upanga shingoni. Inasimuliwa kwamba hakufa mpaka alipopokea Ekaristi. Mapokeo yanasema ilikuwa tarehe 13 Desemba 304, akiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, umri wa wengi wenu. Diocletian aling'atuka mwaka uliofuata, na mwaka 313 Wakristo wakapewa uhuru.

Na macho je? Hili litawashangaza kama lilivyonishangaza mimi. Katika masimulizi ya kale hakuna macho. Simulizi kwamba aliyang'oa, au aling'olewa, lilikuja karne nyingi baadaye, Enzi za Kati, na inaelekea chanzo ni jina lake, maana kwa Kilatini Lusia linatokana na lux, nuru. Nuru ikaleta macho, macho yakaleta sahani. Hata lile simulizi kwamba alivaa mishumaa kichwani ili mikono iwe huru kubebea chakula Wakristo waliojificha makaburini, zuri sana, lakini nalo halimo katika ya kale.

Masalia yake yamesafiri kuliko mmisionari. Mapokeo yanasema yalipelekwa Konstantinopoli karne ya 11, kisha Waveneti wakayachukua baada ya mji ule kuporwa mwaka 1204. Huko Venezia alikuwa na kanisa lake, wakalibomoa karne ya 19 kupisha stesheni ya treni, na stesheni ikaachiwa jina: mamilioni wanashuka Santa Lucia kila mwaka wakiburuta mabegi. Mwili wake uko kanisa la San Geremia, jirani tu. Mwaka 1981 uliibwa na majambazi wenye silaha, ukapatikana Desemba hiyohiyo, kwa ajili ya sikukuu. Sirakusa wenyewe wana mchoro mkubwa wa Caravaggio wa mwaka 1608 wa maziko yake, na kila tarehe 13 wanakula ngano nzima iliyochemshwa, kukumbuka njaa ya mwaka 1646, ambapo inasimuliwa kuwa meli za nafaka ziliingia bandarini watu wakimwomba Lusia, nao kwa njaa hawakungoja kusaga. Sisi tungesema walikula kande bila maharage.

Lakini alifikaje Uswidi, nchi iliyoachana na Roma karne ya 16 na kuwafuta watakatifu karibu wote katika ibada? Padri mwenyeji alinieleza tukirudi kutoka ukumbini, mimi nikiwa nimemshika mkono kama mzee kwa kuogopa barafu. Kwa kalenda ya zamani ya Julius, mwishoni mwa Enzi za Kati, usiku mrefu kuliko yote ulikuwa unaangukia karibu na tarehe 13 Desemba. Wakulima waliuogopa. Waliamini mapepo yanazunguka usiku huo na wanyama zizini wanaweza kusema. Uswidi walibadili kalenda mwaka 1753, ila usiku wa Lusia haukuhama na tarehe za wataalamu, ulibaki na jina lake. Kumbukumbu ya kwanza iliyoandikwa ya msichana mwenye vazi jeupe na mishumaa ni ya mwaka 1764, katika nyumba ya kabaila mmoja huko Västergötland. Mwaka 1927 gazeti la Stockholm likaandaa shindano la kumchagua Lucia wa mji, na desturi ikaenea nchi nzima, mashuleni, hospitalini, maofisini. Siku hizi Lucia wa Uswidi huenda hata Sirakusa kumsalimia mwenye jina.

Kwa hiyo yule kijana wa zafarani hakukosea sana. Mimi nilikuwa na sahani ya macho, yeye alikuwa na mambo ya nuru, na wote wawili tulishika kipande.

Jioni kulikuwa na Misa, padri amevaa nyekundu ya mashahidi. Alitumia Sala ya Ekaristi ya Kwanza, ile ndefu ambayo wengi huwa mnaitazamia saa. Ndani yake Lusia anatajwa, pamoja na Agata wake, na kina Felisita, Perpetua, Anyesi, Sesilia na Anastasia. Lilipotajwa jina, yule mama Mkongo aliyekuwa mbele yangu aliinamisha kichwa. Sijui naye anamwombea nani.

Nilipotoka nilimpigia Bibi simu. Kwao saa zilikuwa mbili mbele, ameshakula, yuko kitandani. Nikamweleza kila kitu, giza, sauti, yule binti na taji la moto. Alinisikiliza kimya, kisha akauliza kama nywele za mtoto wa watu hazikuungua. Nikamweleza kitambaa cha maji. Akaridhika. Nikamwambia pia kwamba nimemwombea macho kama kila mwaka, ila safari hii nimechoka kidogo kuomba. Bibi akacheka. Akaniita baba, kama anavyoniita siku zote, akasema yeye aliacha zamani kuomba macho yarudi. Anachoomba kwa somo wake ni kwamba hiki kidogo kilichobaki kifike mpaka siku ya upadrisho wangu, kwa sababu alba ni nyeupe, na vitu vyeupe bado anaviona.

Mimi nilikuwa nahesabu teolojia kwa masomo na mitihani. Yeye alikuwa anaihesabu kwa chupa za matone, chupa moja mwezi mmoja. Sasa hivi nimeanza mwaka wa kwanza, na Jumapili iliyopita shangazi aliniambia Bibi bado ameuona ukuta wa kanisa.

Mkimfikia Lusia katika sala tarehe 13, mtajieni na yule wa Rombo.

Frateri wenu.